Kwa Baiskeli Hadi Shahe

Mwezi uliopita nilikaa meza moja na Ami Hemedi kwenye harusi ya binti wa Bakari, katika ukumbi mmoja wa Magomeni. Tulikuwa hatujaonana kwa miaka mingi. Amezeeka, mkono unamtetemeka akishika kikombe, lakini sauti yake ni ile ile ya kuamrisha. Sahani za biriani zilipoondolewa, akaanza kuwasimulia vijana wa mezani habari za Guangzhou ya zamani, kule Uchina, enzi ambazo Waswahili wa mji ule tulikuwa wachache na tukijuana kwa majina. Akafika kwangu. "Huyu Saumu mnayemuona hapa," akasema, "siku ya tufani nilimwambia, mwanangu, panda baiskeli uende Shahe, miye nakuamini. Akenda!" Vijana wakacheka na kupiga makofi, mmoja akanipiga picha kwa simu. Harusi ya watu si mahali pa kumsuta mzee mbele ya wajukuu zake, na Bakari, ambaye siku ile alikuwepo na anajua yote, alinitazama kwa macho ya kuniomba nisiseme kitu. Sikusema. Lakini nilirudi nyumbani nimefura, nikavua viatu, nikaketi mezani na lile gauni nililoendea harusini na kuanza kuandika. Hakunituma mtu Shahe. Kama ingekuwa amri ya Ami Hemedi, siku ile nisingevuka hata kizingiti cha mlango. Sitaeleza nilikozaliwa wala nilivyolelewa, maana hayo hayahusiki hapa. Nataka kueleza mwaka mmoja tu, mwishoni mwa miaka ya tisini, nilipokuwa msichana wa miaka ishirini na kitu katika mji ambao lugha yake niliijua kwa maneno ya kuhesabika kwa vidole.

Tulikuwa tunakaa gesti moja barabara ya Zhanxi, karibu na stesheni kuu ya reli, ghorofa ya juu kabisa ambako lifti ilifika siku ikipenda. Chumba nilichangia na Wambui, Mkenya kutoka Nairobi aliyekuwa akinunua viatu vya kupeleka soko la Gikomba. Mimi Mwislamu wa Kariakoo; yeye Mkristo aliyeamka kabla yangu na kuimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya chini, akidhani bado nimelala. Kati ya vitanda vyetu viwili palikuwa na katoni, mifuko ya sampuli na marobota, kiasi kwamba kwenda msalani ilibidi upite kiubavu. Kupika vyumbani kulikatazwa, na kila mtu alipika. Jiko letu la umeme la kupikia wali tulilificha ndani ya beseni la kufulia, na Wambui akipika alifungua bomba la maji moto ili mhudumu akiona mvuke adhani mtu anaoga. Wali, samaki wa kopo, pilipili mbichi. Nilikula nimekalia robota, sahani magotini, na nimekula kwenye mahoteli makubwa tangu wakati huo bila kupata shibe kama ile. Ukuta wa msala wetu ulikuwa na kidirisha kilichofungukia uwazi mwembamba uliopita katikati ya jengo, na upande wa pili wa uwazi huo kulikuwa na kidirisha kingine kama hicho, cha chumba cha Ami Hemedi na Bakari. Tulisikia kila kitu chao: kikohozi, redio, ugomvi wa nani kamaliza sabuni. Sijui kama walijua kwamba wanasikika. Nadhani hawakujali. Walizoea kwamba wao ndio wa kusema.

Ami Hemedi alikuwa Mzanzibari, mtu wa makamo wakati huo, kanzu nyeupe siku ya Ijumaa na suruali ya kitambaa siku nyingine, na alikuwa ametangulia kufika Uchina kabla yetu sote. Tulimwita Ami kwa heshima, kama ambavyo ungemwita ndugu wa baba yako. Yeye ndiye aliyemjua wakala wa meli, ndiye aliyepanga kontena la kwenda Dar es Salaam, na ingawa kontena lilikuwa la watu wengi walioshirikiana, katika maneno yake lilikuwa "kontena langu". Mimi nilikuwa nimetumwa na kikundi cha wanawake wa Kariakoo waliouza nguo za watoto barazani na mitaani. Kiongozi wao, Mama Rukia, alikuwa amechoka kununua mali kwa wanaume waliokwishaichagua na kuacha mabaya. "Safari hii tunatuma macho yetu wenyewe," aliniambia siku ninaondoka. Walinichagua mimi kwa sababu nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na sikuwa na mume wa kunikataza. Mali yetu ya mwaka ule ilikuwa magauni ya Idi ya watoto wa kike, yenye marinda na utepe mpana kiunoni, niliyoyashonesha Shahe, huko kwenye masoko ya nguo za bei rahisi. Kila gauni nililikagua mwenyewe, nikavuta kila utepe. Kilichobaki ni kupakia katika ghala la huko huko Shahe, na kupakia, kwa sheria ya Ami Hemedi, hakukuwa kazi ya mwanamke. "Ghalani kuna makuli wanatembea vifua wazi," alisema. "Wewe lete mali, sisi tutapakia."

Baiskeli niliinunua mwezi wa pili tangu nifike. Ilikuwa ya A-Mei, msichana wa mapokezi pale gesti, ambaye alikuwa amepata mpya. Nyeusi, nzito, kengele inayolia kama imepata mafua, kikapu cha waya mbele. Sikuwa nimewahi kupanda baiskeli maishani. A-Mei alinifundisha kwenye ua wa nyuma ambako walianika mashuka, akikimbia pembeni yangu huku ameshika kiti, akipiga kelele kwa Kichina, nami nikimjibu kwa Kiswahili, na tukaelewana kabisa. Nilianguka kwenye mashuka. Nilianguka kwenye mapipa ya taka. Siku niliyotoka nayo barabarani kwa mara ya kwanza, nimevaa suruali pana chini ya gauni na mtandio nimeufunga nyuma ya shingo, wanaume wetu walikuwa wameketi kwenye viti vya plastiki mbele ya gesti wakinywa chai. Mazungumzo yalikatika. Jioni Ami Hemedi aliniita. "Saumu, unapokaa juu ya kitu kile, unajua watu wanaona nini?" Nilimwambia, "Wanaona mtu anakwenda kazini, Ami." Mji ule asubuhi ulikuwa mto wa baiskeli: wanawake wamebeba mboga, wamebeba watoto, nilimwona mmoja amefunga friji nyuma yake kwa kamba. Hakuna aliyewatazama mapaja. Lakini Ami alisema amenionya, na kuanzia siku hiyo nikipita mbele ya viti vile nilipiga kengele yangu yenye mafua, makusudi.

Siku yenyewe ilianza bila upepo. Joto lilikuwa la kuchemka, mbingu rangi ya shaba iliyochakaa, na televisheni ya mapokezi ilionyesha ramani yenye duara kubwa likizunguka baharini. A-Mei alinionyesha kwa mikono: upepo mkubwa, mvua kubwa, kaa ndani. Nilipanda juu kupiga mswaki. Nikiwa na povu mdomoni nikasikia sauti ya Ami Hemedi kupitia kidirisha.

"Lori linakuja leo baada ya adhuhuri. Bandari itafungwa kwa tufani hii, kila mtu anakimbiza mzigo wake."

"Nafasi inatosha?" Hiyo ilikuwa sauti ya Bakari, kijana wa Dar aliyekuwa akimsaidia.

"Haitoshi. Zile chupa zangu za chai zimezidi. Tutaacha yale magauni."

"Ya Saumu? Ami, yale ni ya Idi."

"Yatakwenda na kontena lijalo. Tutamwambia tufani ilituzuia."

"Na akija mwenyewe?"

Nilisikia akicheka. "Aje na nini? Leo hapana teksi mji mzima."

Nilitema lile povu. Wanaojua biashara hawahitaji kuelezwa, lakini kwa wasiojua: kontena lijalo lilikuwa halijaanza hata kukusanywa, na lingechukua miezi kujaa. Wachuuzi wa mikoani huja Kariakoo kununua nguo za Idi kabla mwezi wa Ramadhani haujaandama. Gauni la Idi likifika Idi imepita ni kitambaa tu. Wale wanawake walikuwa wameweka ndani ya marobota yale kila walichokuwa nacho na vya kuazima, na mimi ndiye niliyekuwa macho yao. Nilishuka ngazi, sikuingoja lifti. Gari dogo la wakala lilikuwa mlangoni, injini inanguruma, Ami Hemedi amekwishakaa mbele.

"Shikamoo, Ami."

"Marahaba, mwanangu."

"Kama mnakwenda ghalani naomba nipande."

"Ghalani kuna nini siku kama ya leo?" akasema, uso mkunjufu kabisa. "Hapana kinachopakiwa. Sisi twenda kumtazama mgonjwa. Wewe rudi juu, funga madirisha, ukae."

Bakari alikuwa kiti cha nyuma, anatazama viatu vyake. Nilimtazama mpaka gari likaondoka, na hakuinua kichwa. Nimewahi kuulizwa kwa nini sikumwambia Ami pale pale kwamba nimesikia. Kwa sababu angekuwa na jibu. Watu wa aina ile wana jibu la kila neno lako. Wasichokuwa na jibu lake ni wewe kutokea mbele yao. Na uongo wenyewe, ninavyouona leo, ungeniuma kidogo kama angeutoa kwa aibu. Aliutoa huku ameitikia salamu yangu.

Wambui alinikuta chumbani nafunga viatu kwa kamba ili visinivuke. Nilimweleza. "Saumu, wewe ni mwendawazimu ama?" akasema. "Hii upepo itakubeba. Mtu akufe juu ya madress?"

"Si madress tu."

"Najua si madress tu." Akakaa kitandani, akanitazama, kisha akainama chini ya kitanda na kutoa koti lake la mvua, lile la waendesha baiskeli linalofunika mpaka usukani. "Basi shika. Na ukifika pale, usilie mbele yao. Hata wakufanye nini. Utakuja kulia hapa kwa hii room."

Mvua ilinikuta sijafika mbali kwenye barabara ya Huanshi. Haikuanza kwa matone. Ilishuka yote kwa pamoja kama mtu amepindua pipa, na upepo nao ukaja kutoka ubavuni, ukaingia ndani ya koti la Wambui na kulifutusha. Nilikuwa nimevaa tanga. Baiskeli ikaniacha ikaenda upande wake, mimi upande wangu, nikaangukia goti kwenye lami. Koti likanivuka kichwani, likaruka, likanaswa juu ya waya za taa, na hapo likabaki linapiga piga kama mtu anayeniaga. Niliinuka. Goti lilikuwa linatoka damu, na mvua ikaiosha damu haraka kuliko ilivyotoka. Nikapanda tena. Barabara iliyokuwa mto wa baiskeli sasa ilikuwa tupu. Maduka yote yameshusha milango ya bati, na milango yenyewe inapigwa na upepo kama ngoma. Kipande cha bango la duka la viatu kilipita mbele yangu kikijiviringisha, kikubwa kuliko mlango. Niliogopa, sitasema sikuogopa. Lakini hofu yangu ilikuwa na hasira ndani yake, na hasira ndiyo iliyokuwa inakanyaga pedeli. Nilikuwa naongea kwa sauti. Nilimjibu Ami Hemedi kila alichowahi kuniambia tangu nifike, neno kwa neno, nikiwa nameza maji ya mvua katikati ya sentensi.

Kwenye daraja la juu la Xiaobei nilishindwa kuendesha, nikashuka na kusukuma, nimeinama hadi kifua kimelala juu ya usukani. Mnyororo ukatoka. Nilipiga magoti pale juu darajani, upepo ukinisukuma kwenye ukingo, nikaurudisha kwa vidole, jambo ambalo sikuwahi kulifanya na ambalo sikujua kama naliweza. Nilipofika chini ng'ambo ya pili nilikuwa natetemeka hadi meno, na hapo ndipo nilipoona mlango mmoja ulio wazi: mkahawa wa tambi wa Mwislamu mmoja Mchina, mtu wa kaskazini mwenye kofia nyeupe, ambako tulizoea kula kwa sababu nyama yake ni halali. Aliniona, akatoka mbio, akaikamata baiskeli na kuiingiza ndani pamoja nami. "Salamu alaikum," akasema, na zaidi ya hapo hatukuwa na lugha. Akanitilia bakuli la mchuzi wa ng'ombe, pilipili imeelea juu, tambi zimekunjwa chini. Mkewe akaniletea taulo na kunifunga mabegani. Ndani mle mlikuwa na joto la masufuria, harufu ya giligilani, mtoto analala juu ya magunia ya unga. Nilikunywa mchuzi ule na mikono yangu yote miwili ikiwa imekumbatia bakuli. Mwenye mkahawa akaonyesha nje, akatikisa kichwa, akalaza shavu juu ya viganja vyake: lala hapa, ipite. Na nilitaka. Nikiwa mkweli, hakuna nilichowahi kukitaka kama kubaki kwenye benchi lile. Ningerudi kesho yake, ningemwambia Mama Rukia kwamba tufani ilizuia, na isingekuwa hata uongo. Hakuna mtu duniani ambaye angenilaumu. Nililigeuza wazo hilo mdomoni pamoja na tambi, na kadiri nilivyoona jinsi lilivyo jepesi na jinsi litakavyokubalika na kila mtu, ndivyo lilivyonichukiza, kwa sababu lilikuwa sawasawa na maneno ya Ami Hemedi pale dirishani. Alikwishanitengenezea udhuru wangu. Niliweka bakuli mezani, nikamrudishia mama yule taulo lake, nikatoa baiskeli nje.

Mbele, pale barabara inapopita chini ya reli, maji yalikuwa yamejaa. Basi moja limezimika katikati, tupu, maji yamefika kwenye taa zake. Askari wa barabarani aliyevaa koti la njano alisimama ukingoni mwa maji akipuliza filimbi na kunipungia mikono nirudi. Akasema mengi. Mimi nilikuwa na neno moja ambalo wenye maduka walikuwa wakitupigia nalo usoni kila siku tukiomba kupunguziwa bei: "Buxing," haiwezekani. Nikamwambia hilo. "Buxing! Buxing!" Naye kwa mshangao akaishusha ile filimbi. Pembeni palikuwa na njia ya waendao kwa miguu, imeinuka kidogo kuliko barabara, ina bomba la kushikilia. Nilipita hapo, maji kiunoni, nimeishika baiskeli kwa mkono mmoja inaelea ubavuni mwangu kama ng'ombe anayevushwa mto. Katikati giza, treni ikapita juu, kila kitu kikatetemeka. Nilisoma Ayatul Kursi kwa sauti kubwa, nikakosea, nikaanza upya. Nilipotokea upande wa pili na kugeuka, yule askari alikuwa bado amesimama ng'ambo, ananitazama. Aliinua mkono. Sijui alikuwa ananigombeza au ananisalimu.

Ghala lilikuwa nyuma ya masoko ya Shahe, banda refu la bati kwenye uchochoro wa matope. Lori lipo. Kontena lipo juu yake, mlango wazi, na makuli wanapitisha katoni mkono kwa mkono. Marobota yangu yamewekwa pembeni ukutani, yamefunikwa turubai, kama maiti. Niliingia nikisukuma baiskeli, mtandio umeganda shingoni, maji yananichuruzika kutoka kila mahali, goti limechanika. Kazi ilisimama. Ami Hemedi alikuwa ameshika kikombe cha chai.

"Saumu," akasema. "Umekujaje?"

"Kwa baiskeli, Ami. Mgonjwa anaendeleaje?"

Bakari alifunika mdomo. Ami akaweka kikombe chini polepole. "Skiliza, mwanangu. Lori limewahi ghafla. Hapana nafasi. Haya ni mambo ya kupanga, wewe huyajui."

"Nafasi yangu ilipangwa kabla ya chupa zako za chai."

"Hapa si mahali pa kujibizana. Watu wanatutazama."

"Wacha watutazame."

Akageuka kwa mwenye ghala, mwanamke mfupi mwenye miwani tuliyemwita Bi Liang, akamfanyia ishara kwamba waendelee, wafunge. Nami sikuwa na Kichina cha kumweleza Bi Liang chochote. Nilikuwa na mwili wangu na baiskeli. Nikaiinua ile baiskeli, chuma chote kile, sijui kwa nguvu gani, nikaisukuma juu ya sakafu ya kontena, kisha nikapanda mwenyewe nyuma yake, nikailaza kukinga mlango na kukaa juu yake. "Haya, fungeni," nikasema. "Fungeni tu. Mtanikuta bandarini Dar es Salaam, nitakuwa wa kwanza kushuka." Nilisema kwa Kiswahili, lakini makuli walielewa. Mmoja akacheka, halafu wote. Bi Liang hakucheka. Alinitazama, akayatazama marobota ukutani, akamtazama Ami Hemedi, akamuuliza Bakari jambo kwa Kichina, maana Bakari ndiye aliyekijua vizuri kuliko sote. Na hapo nilimwona Bakari akipambana na nafsi yake. Alikula sahani moja na Ami, alilala chumba kimoja naye, safari yake yote ilimtegemea yeye. Angeweza kusema lolote. Ami alikuwa anamkazia macho.

"Anauliza nani alitangulia kuweka mzigo," Bakari akasema kwa Kiswahili, bila kumtazama mtu. Kisha akamjibu Bi Liang, jibu refu, na akainua mkono akaninyooshea kidole.

Walishusha chupa za chai. Katoni baada ya katoni, na marobota yangu yakapanda, na mimi sikushuka mpaka robota la mwisho liliponipita. Mlango ulipofungwa na lori kuondoka, Ami Hemedi alinijia karibu. "Umenivunjia heshima mbele ya watu," akasema, na nadhani kweli aliumia. Nilimjibu, "Asubuhi nilikuamkia, Ami. Ukaitikia, kisha ukanidanganya. Wewe ndiye uliyeanza kuivunja." Baada ya hapo tufani ikakaza, gari dogo halikuweza kutoka, na sote tulikwama mle ghalani hadi asubuhi. Bi Liang alichemsha maji, akatugawia tambi za pakiti, tukala kwenye mabakuli ya karatasi tumekaa juu ya chupa za chai za Ami Hemedi, bati linavuma juu yetu. Maghrib aliswalisha Ami. Nilisimama nyuma yake na nguo zangu mbichi, nikaitikia amina. Watu wengine hushangaa nikifika hapa, lakini sikuwa na ugomvi na sala yake. Kulipokucha, mvua imetulia, aliniambia kwa sauti ya chini kwamba gari lina nafasi. Nilimshukuru, nikamwambia nina usafiri wangu. Njia nzima ya kurudi ilikuwa matope, matawi na mabango yaliyovunjika, na watu wakitoka majumbani na baiskeli zao, mmoja mmoja, kisha kwa mamia, hata nikapotea katikati yao. Chumbani, Wambui alifungua mlango na kunishika mabega. Nililia pale kama alivyoniambia. Kisha tukapika wali.

Nililipia kuthubutu kule, wala sitaki mtu adhani mambo yaliisha kwa makofi kama ya vijana wa harusini. Nilipata homa, nikalala siku nyingi. Ami Hemedi alitangaza kwamba mwanamke haingii tena katika kontena lake, na wale wa viti vya plastiki wakaacha kuitikia salamu zangu. Bakari alihama chumba, akaanza kuhangaika peke yake, na ilimchukua muda mrefu kusimama. Nami ikabidi nitafute wakala wangu, nijifunze maneno mengine zaidi ya buxing, nirudi Uchina mwaka uliofuata, na mwingine, na mwingine. Hilo ndilo lililonifanya niwe mfanyabiashara niliye leo. Lakini kabla ya yote hayo, habari zilikwishatangulia Kariakoo, maana maneno hayangoji meli. Nilikuwa bado sijapona sawasawa A-Mei aliponigongea mlango: simu kutoka Afrika, mapokezi. Nilishuka nimejifunga shuka. Ilikuwa sauti ya Mama Rukia, mbali, inakatika katika, na nyuma yake nilisikia wanawake wengine wakinong'ona. Walikuwa wamejazana wote kwenye kibanda cha simu.

"Saumu. Tumeletewa habari zako hapa, si nzuri."

"Habari gani, mama?"

"Wanasema huko unapanda baiskeli. Unawapita wanaume wa watu, unawapigia kengele. Ni kweli?"

Viti vya plastiki vilikuwa mlangoni, na waliokaa juu yake walikuwa wameacha kuzungumza ili wasikie. Sikuteremsha sauti.

"Ni kweli."

"Hata kwenye tufani?"

"Hata kwenye tufani."

Nyuma yake minong'ono ikapanda.

"Na magauni yetu?"

"Yapo baharini, mama. Yote."

Nikamsikia akiwapa wenzake jibu langu, kisha akarudi kwenye simu.

"Basi endesha," akasema. "Endesha, mwanangu."